Je, Wajua? Ukungu Unaoongeza Umeme

Safu yetu leo inaanzia hapa Kalenga, kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini, ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, ukungu hutanda bondeni hata paa la jirani lisionekane, na mwenye paneli ya sola juu ya bati husonya kwa kuwa simu haichaji. Ukungu umelaumiwa vya kutosha. Leo tunasimulia jinsi wanasayansi walivyouingiza ukungu ndani ya seli ya sola kwa makusudi, na umeme ukaongezeka.

Je, wajua kwamba ukungu haumezi mwanga? Kila tone lake ni maji safi yasiyo na rangi. Mwale wa jua ukigonga tone hupinda, ukakutana na tone la pili ukapinda tena, mpaka hauna njia iliyonyooka. Mwanga karibu wote bado upo, ila umetawanyika. Macho yakipokea rangi zote kwa pamoja kutoka kila upande, tunaona weupe. Ndiyo siri ya weupe wa wingu, wa maziwa na wa povu la sabuni.

Je, wajua kwamba chupa isiyo na rangi ukiisaga inakuwa unga mweupe? Kioo ni kilekile. Kilichoongezeka ni idadi ya kuta ambazo mwanga unazigonga. Sukari, chumvi, barafu na theluji ya Kilimanjaro ni hadithi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba ipo seli ya sola inayotengenezwa kwa rangi, mfano wa rangi ya kutia nguo? Iliwekwa wazi na Brian O'Regan na Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi, katika jarida la Nature mwezi Oktoba 1991. Msomaji wa Kalenga ataukumbuka mwaka huo kwa urahisi, maana ulitimiza miaka 100 tangu vita vya Lugalo, Agosti 17, 1891, siku jeshi la Mtwa Mkwawa lilipolivunja jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski. Seli hiyo ya 1991 ilibadili asilimia 7.1 hadi 7.9 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Leo kiwango hicho kinaonekana kidogo, lakini wakati ule, kwa seli iliyotengenezwa bila mitambo ghali ya kusafisha silikoni, kilikuwa habari kubwa. Mwaka 2010 Grätzel alipewa Tuzo ya Teknolojia ya Milenia nchini Finland.

Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Mwaka 1873 Hermann Vogel, mpiga picha na mkemia wa Kijerumani, aligundua kuwa bamba la picha likichanganywa na rangi linaanza kuona mwanga ambao hapo awali halikuuona. Mwaka 1887 James Moser, akiwa Vienna, akaona kuwa rangi inaongeza umeme unaotokana na mwanga. Kutoka hapo ilipita zaidi ya karne kabla ya seli yenye manufaa kupatikana.

Je, wajua inavyofanya kazi? Hapa tutulie kidogo, maana ukishaelewa hili yaliyobaki ni mteremko. Chukua kioo chenye ngozi nyembamba inayopitisha umeme. Kipake uji mzito wa dioksidi ya titani, unga mweupe ambao chembe zake zina upana wa nanomita 20 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kioka kwa joto la nyuzi 450 mpaka chembe zishikane kama punje za kashata, huku nafasi ndogondogo zikibaki kati yake. Kisha kitumbukize katika rangi. Rangi inapenya na kujibandika juu ya kila chembe, tabaka la molekuli moja tu. Funika kwa kioo cha pili, jaza katikati kimiminika chenye iodini, basi. Mwanga ukiigonga rangi, rangi inarusha elektroni. Titani inaipokea na kuipitisha hadi kwenye kioo, inatoka kwenye waya, inawasha taa, inarudi upande wa pili, na iodini inairudisha kwa rangi iliyoipoteza. Mzunguko unaanza upya.

Kwa nini chembe ndogo hivyo? Kwa sababu tabaka moja la molekuli za rangi kwenye kioo laini halitoshi kushika mwanga. Karibu wote utapita. Lakini ndani ya uji ule uliookwa mna kuta nyingi mno: kipande cha sentimita moja ya mraba, chenye unene mdogo kuliko wa unywele, kinaficha ndani yake eneo kubwa kwa mamia ya mara, hata karibu mara elfu moja. Ndiyo tofauti ya kukausha mahindi kwenye gunia na kuyatandaza uani.

Na hapo hapo ndipo tatizo lilipojificha. Chembe za nanomita 20 ni ndogo kiasi kwamba mwanga hauzitambui. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Kwa mawimbi hayo, chembe ya 20 ni kama kokoto mbele ya gari la Scania. Tabaka linakuwa angavu, na mwanga unapita humo moja kwa moja. Mwanga wa kijani na wa buluu unanaswa vizuri kwa sababu rangi inaupenda. Mwekundu, ambao rangi nyingi zinaushika kwa udhaifu, unaingia mbele na kutokea nyuma ukiwa mzima. Jua limeufikisha kutoka umbali wa kilomita milioni 150, sisi tunashindwa kuunasa katika sehemu ya mwisho isiyofika upana wa unywele! Mimi jambo hili linaniuma kila nikilifikiria.

Utasema: basi tuongeze unene wa tabaka. Walijaribu. Je, wajua kwa nini haikutosha? Elektroni haina barabara ya lami ndani ya titani. Inaruka kutoka chembe hadi chembe, ikikwama na kujikwamua. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo nyingi zaidi zinavyodakwa na iodini njiani kabla ya kufika kwenye waya, na volti inashuka. Mwanga unataka tabaka nene, elektroni inataka tabaka jembamba. Ugomvi wao ndio uliowafikirisha watu kuhusu ukungu.

Mwaka 1997 Mjapani Akira Usami alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba mwanga ukitawanywa mara nyingi ndani ya seli ya namna hii, utanaswa zaidi. Mwaka uliofuata Jörg Ferber na Joachim Luther wa Freiburg, Ujerumani, wakaiga hali hiyo kwa kompyuta: changanya chembe kubwa na ndogo, au weka tabaka la chembe kubwa nyuma ya tabaka la chembe ndogo. Mwanga mwekundu uliokuwa unatoroka unakutana na ukuta mweupe, unarushwa nyuma, tena kwa mshazari. Kwa mshazari ni muhimu. Ukirudi kwa mstari ulionyooka utavuka tabaka mara moja tu. Ukirudi kwa mshazari unapita njia ndefu zaidi, na baadhi unajigonga kwenye kioo cha mbele na kurudishwa ndani tena. Ni kama samaki aliyeingia kwenye mgono. Mdomo wa kuingilia upo palepale, lakini kuuona tena ni kazi. Njia ya mwanga imerefuka, njia ya elektroni imebaki fupi, na ugomvi umekwisha kwa kiasi kikubwa.

Je, wajua vipimo vyake? Mwaka 2008 Seigo Ito na wenzake wa Lausanne walieleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza seli zinazovuka asilimia 10. Mbele, tabaka angavu la chembe za nanomita 20, unene wa mikromita 12 hadi 14. Nyuma yake, tabaka jeupe la chembe za nanomita 400, unene wa mikromita 4 hadi 5. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi, maana yake mtambo wote huo unaenea ndani ya unywele mara tatu na nafasi ikabaki.

Kwa nini 400 na si 40? Kwa chembe zilizo ndogo sana kuliko wimbi la mwanga, kanuni ya Lord Rayleigh, Mwingereza wa karne ya 19, inasema: upana ukizidishwa mara mbili, uwezo wa chembe moja kutawanya unazidi mara 64. Kanuni hiyohiyo inalifanya anga kuwa la buluu, maana molekuli za hewa hutawanya buluu kuliko nyekundu. Chembe zinapokaribia urefu wa wimbi lenyewe, kanuni hiyo inamwachia nafasi Gustav Mie, Mjerumani aliyetoa hesabu zake mwaka 1908, na hapo rangi zote zinatawanywa kwa nguvu, mwekundu ukiwamo.

Jaribu mwenyewe leo usiku. Glasi ya maji, tone moja la maziwa, koroga, zima taa, washa tochi ya simu na uielekeze ubavuni mwa glasi. Ukitazama kutoka pembeni utaona maji yana ubuluu hafifu. Ukitazama upande wa pili, uso kwa uso na tochi, mwanga umekuwa wa njano unaoelekea wekundu, kama jua la magharibi wakati wa kuchoma mashamba. Ongeza maziwa tone kwa tone na ubuluu utapotea, ubaki weupe mtupu: mwanga sasa unagongwa mara nyingi mno hata rangi zote zimechanganyika. Watoto wakiwapo, waache washike tochi wao.

Je, wajua kwamba mchoro wa chaki ubaoni ukipitiwa na kitambaa kibichi unatoweka, kisha maji yakikauka sehemu yake inarudi? Mwalimu yeyote amewahi kuliona. Chaki inaonekana nyeupe kwa sababu ya tofauti kati yake na hewa iliyo katikati ya chembe zake. Maji yakijaa humo, tofauti inapungua, mwanga unapita bila kugeuzwa. Karatasi iliyofungia maandazi ni vilevile: doa la mafuta linaifanya ipitishe mwanga, maana mafuta na nyuzi za karatasi hupindisha mwanga karibu sawa. Chokaa mbichi ukutani nayo hukuhuzunisha siku ya kwanza, kesho yake inang'aa.

Sasa fikiria ndani ya seli yetu: uji wa titani umelowa kimiminika siku zote. Ungekuwa wa chaki, ungepoteza weupe kama ubao uliofutwa. Titani inastahimili kwa sababu inapindisha mwanga kuliko karibu kila kitu cha bei nafuu: kipimo chake ni 2.5 hadi 2.7 kutegemea aina ya fuwele, wakati maji ni 1.33 na kioo cha kawaida 1.5. Hata ikiwa imelowa, ni nyeupe.

Je, wajua kwamba pengine umeamka nayo mdomoni? Dioksidi ya titani ndiyo inayoipa weupe dawa nyingi za meno, rangi za ukutani, karatasi nzuri na mabomba ya plastiki. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022; kwenye rangi na karatasi inaendelea kutumika.

Na wajua iko wapi? Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa na kusafirishwa kwa meli tangu 2014 hadi uchimbaji ulipofikia kikomo mwishoni mwa 2024. Kwetu Nyanda za Juu Kusini tunayo Liganga, wilayani Ludewa, mkoa wa Njombe, eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Watu wanaitaja Liganga kwa chuma, na ni kweli, lakini mwamba wake umechanganyika na titani na vanadi. Weupe unaowasumbua wahandisi wa Uswisi na Japani uko ndani ya jiwe jeusi la Ludewa. Kuitoa titani humo na kuisafisha kunataka viwanda vikubwa, na hilo ni suala la mipango na fedha. Lakini mwanafunzi wa Ludewa anayesoma kemia anastahili kujua anakanyaga nini.

Je, wajua kwamba jani lilijua mbinu hii kabla ya Usami? Chuma jani la mparachichi. Juu ni kijani kilichokolea, chini limepauka. Sehemu ya juu ndani ya jani ina seli zilizosimama kwa safu kama askari, zimejaa klorofili. Chini yake kuna tabaka la seli zilizokaa ovyo, zenye mianya mingi ya hewa kama sifongo. Mianya hiyo inapitisha hewa, na pia inatawanya mwanga uliopenya safu ya kwanza na kuurudisha juu ukaliwe. Tabaka angavu mbele, tabaka lenye ukungu nyuma: ndiyo seli ya Lausanne, mamilioni ya miaka mapema. Kama huamini, mwagia maji ya moto mboga za majani jikoni. Zinageuka kijani kilichokolea papo hapo, na sababu mojawapo ni kwamba hewa imefukuzwa kutoka kwenye mianya, ukungu wa ndani umeondoka, na mwanga hautawanywi tena.

Je, wajua kwamba wahandisi wana kipimo wanachokiita ukungu? Kwa kila mwanga unaopita kwenye tabaka, wanapima ni sehemu gani imetoka nje ya mstari ulionyooka. Mwaka 2006 watafiti wa kampuni ya Sharp, Japani, walitengeneza seli zenye viwango tofauti vya ukungu, wakaona kuwa kadiri ukungu unavyozidi ndivyo umeme unavyoongezeka, hasa kwa mwanga ulio mwekundu kupita macho yetu. Seli yao yenye ukungu mwingi ilipimwa na kituo huru ikafikia asilimia 11.1. Kwa mtu aliyekulia Mufindi au Uporoto, kule ambako ukungu ni wa kila siku, hiyo ni habari ya kufurahia.

Lakini hakuna cha bure. Chembe kubwa zina eneo dogo: uzito uleule wa unga, ukiwa katika chembe pana mara 20, una eneo la kubandika rangi dogo mara 20. Ukizijaza chembe kubwa kila mahali, unatawanya mwanga mwingi ambao hakuna rangi ya kuushika. Ndiyo maana zinawekwa nyuma. Wengine wakaja na ujanja wa pili: shanga. Chembe ndogondogo zinakusanywa ziwe duara moja lenye upana wa mamia ya nanomita, lenye vinyweleo. Mwanga unaliona duara kubwa na kutawanyika. Rangi inaona chembe ndogo na kujibandika ndani kwa ndani. Mwaka 2008 timu ya Guozhong Cao, Seattle, Marekani, ilifanya hivyo kwa oksidi ya zinki na kufikia asilimia 5.4, kiwango kizuri kwa zinki. Mwaka 2010 shanga za titani zilizobuniwa Australia, kwenye maabara ya Rachel Caruso na Yi-Bing Cheng, zikavuka asilimia 10 kwa ushirikiano na Lausanne. Kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote katika uwanja huu, kwa kuwa haikumpa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine.

Gharama ya pili: tabaka jeupe linaifanya seli isipitishe nuru. Ukitaka dirisha linalozalisha umeme, huku ndani ukiona mlima, huwezi kuweka ukungu nyuma. Jengo la mikutano la Lausanne lililofunguliwa 2014 lina ukuta wa vioo vya rangi hizi, vyekundu, vya machungwa, vya kijani, na vinaacha nuru ipite. Wenye jengo walichagua uzuri na kukubali kupoteza sehemu ya umeme.

Wajua kwamba hata dhahabu na fedha zimejaribiwa? Vipande vya nanomita chache vya madini hayo hukusanya mwanga kwa nguvu kuliko ukubwa wao. Warumi wa karne ya 4 walitengeneza kikombe cha kioo chenye chembe hizo, kiko British Museum: kikimulikwa kwa mbele ni cha kijani, kikimulikwa kwa ndani ni chekundu.

Je, wajua iodini inayozungusha elektroni ndani ya seli ndiyo ileile iliyotuokoa na rovu? Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyosumbuliwa sana na uvimbe wa shingo, kwa kuwa udongo wetu wa milimani una iodini kidogo. Miaka ya 1990 chumvi ikaanza kutiwa iodini kwa sheria. Wazee wengi bado wanakumbuka shingo za zamani.

Na choya je, inaweza kuwa rangi ya seli? Wekundu wa juisi ya choya unatokana na anthosianini, na molekuli hizo zina mahali maalumu pa kuikamata titani, ndiyo maana hazitoki hata ukisuuza. Mwaka 1998 Greg Smestad na Grätzel walichapisha maelekezo kwa walimu ya kutengeneza seli kwa juisi ya matunda, na penseli kwa ajili ya kupaka kaboni upande wa pili. Tangu hapo choya imejaribiwa katika nchi nyingi. Umeme wake ni mdogo, kwa kawaida hauvuki asilimia moja au mbili, na rangi inachoka juani. Kwa kuchaji simu haufai. Kwa kumfanya mtoto wa kidato cha pili aone kwa macho yake juisi ikisogeza mshale wa mita, sijui kitu kinachoushinda.

Afrika Mashariki haijakaa pembeni. Chuo Kikuu cha Nairobi, akina Bernard Aduda na Justus Simiyu wameandika kwa miaka mingi juu ya titani yenye vinyweleo na rangi za mimea. Chuo Kikuu cha Dodoma wapo wanakemia wanaobuni molekuli za rangi kwa kompyuta kabla ya mtu yeyote kuzipika. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya kazi ya matabaka membamba kwa miongo kadhaa, ikisaidiwa na programu ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, iliyoanzishwa 1961. Na hapa Iringa kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, tangu 2005, kinachofundisha walimu wa fizikia na kemia. Jina la Mtwa liko juu ya lango lake. 

Wajua seli hizi zimefika wapi? Mwaka 2022 timu ya Lausanne ilitangaza asilimia 15.2 chini ya jua kamili, na hadi asilimia 30.2 chini ya mwanga hafifu wa ndani ya nyumba. Takwimu ya pili ndiyo yenye uzito. Chini ya taa, au siku ya mawingu wakati mwanga unatoka kila upande, seli za rangi zinajitahidi kuliko paneli nyingi za juu ya paa. Kampuni ya Exeger, Stockholm, inazitengeneza zikiwa nyembamba na za kupindika, na zimewekwa kwenye vifaa vya masikioni vinavyojichaji vyenyewe.

Kwa paa la Kalenga, hata hivyo, silikoni bado ndiyo mshindi. Paneli zinazouzwa madukani zinatoa asilimia 20 na zaidi, zinadumu miaka 25, na bei imeshuka sana. Atakayekuambia ubadilishe leo, usimpe fedha yako. Ila seli ya rangi imezaa mtoto: mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka wa Japani na wenzake waliweka fuwele za pirovskaiti mahali pa rangi, wakapata asilimia 3.8. Leo fuwele hizo zimevuka 25 kwenye maabara, zinashindana na silikoni uso kwa uso.

Je, wajua kwamba mbinu ya ukungu pengine iko juu ya bati lako tayari? Tazama paneli kwa karibu. Kati ya vipande vyeusi, kwenye paneli nyingi, kuna mistari myeupe. Ni karatasi ya plastiki ya mgongoni, na weupe wake mara nyingi ni dioksidi ya titani ileile. Mwanga unaoangukia kwenye mistari hiyo unatawanywa kwa mshazari, unagonga kioo cha juu kwa ndani, unarudishwa chini juu ya silikoni. Paneli za pande mbili nazo huzalisha zaidi zikifungwa juu ya sakafu au paa lililopakwa rangi nyeupe.

Vumbi linatawanya mwanga pia, lakini lenyewe limekaa mbele ya kioo, kwa hiyo linaurudisha angani kabla haujaingia. Iringa kiangazi kinaanza Mei, na barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha inatimua vumbi la kutosha. Panda juu asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, na ndoo ya maji safi na kitambaa laini. Usitumie mchanga wala steelwire, na usimwagie maji baridi kioo kilichochemshwa na jua la mchana. Ukungu wa Juni utaondoka wenyewe ifikapo saa nne. Vumbi usipolifuta litakaa hapo mpaka mvua za mwishoni mwa mwaka.